Ng'ombe Mwenye Kibali cha Jua

Watoto wa Chihembe wana adabu kupita kiasi. Wanaamkia nguzo.

Mimi nami nilikuwa nacheka, mpaka siku binti yangu Nyemo aliposimama mbele ya tangi la maji pale sokoni, akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo bibi." Tangi lilifunikwa turubai la bluu, na mama mkwe wangu hupenda khanga ya bluu. Ndivyo mji wetu ulivyo. Mtoto asipoamkia mkubwa anagombezwa hadharani, na mtoto asiyeona upande wa pili wa barabara hajui mkubwa ni yupi na tangi ni lipi. Kwa hiyo anaamkia kila kirefu kilichosimama. Ile nguzo ya lango la ng'ombe, iliyopakwa chokaa nyeupe, huamkiwa kuliko mwenyekiti wa mtaa. Na kwa kuwa nguzo haijibu, aliye karibu huijibia, "Marahaba," watu wanacheka, na mtoto anapita ameinamisha kichwa.

Naitwa Merabu Chilewa, daktari wa vinasaba katika hospitali ya macho. Mama mkwe anasema mdomo wangu ungekuwa na miguu ungefika kazini kabla yangu. Hakosei.

Asubuhi ile nilikuwa nimeitwa na mkurugenzi wetu, Dokta Elifasi Mbogoni. Tulisoma pamoja, tukafanya mafunzo wodi moja, na bado ananiita dada. Alinisogezea kishikwambi chake. Jina la Nyemo lilikuwa juu kabisa, na chini yake: sindano ya mbegu, Ijumaa saa tatu.

"Keti, dada Merabu."

"Nitasimama. Nikikaa nitazoea."

"Kinasaba cha Nyemo cha kupokea vitamini D ni dhaifu," alisema. "Umepima mwenyewe. Sindano itakirekebisha kwake, na kwa watoto atakaowazaa."

"Na kwa wajukuu, na kwa vitukuu. Haifutiki hiyo, Elifasi. Unataka kuandika upya ukoo mzima kwa kosa ambalo ukoo haukulifanya."

Akashusha pumzi kama mtu anayejua hotuba inayokuja. Nikampa hotuba yote, maana sikuwa nimekuja kunywa chai.

Kabla ya Paa, wataalamu waliona kwamba watoto wenye vitamini D nyingi damuni huona mbali, na wenye kidogo hawaoni. Halafu ukaja Mwaka wa Moto. Joto likaua watu, watoto wakitangulia, na mji ukafunikwa wote kwa Paa, kuanzia stendi hadi makaburini. Chini ya Paa kuna taa, na taa zetu zinatosha kusomea, kushonea na kugombania. Watoto wakaanza kutoona mbali. Wataalamu wakasema ni vitamini, wapewe matone. Mpaka leo kila mtoto shuleni anatiliwa matone katika uji. Damu zimejaa vitamini, na macho yanazidi kurefuka ndani ya vichwa, maana jicho lisiloona mbali ni jicho lililorefuka kupita kipimo chake. Likirefuka sana, utando wa nyuma unachanika, na mtu anakuwa kipofu akiwa bado kijana. Wakubwa walipoona matone yameshindwa, hawakusema wamekosea. Walisema basi ni vinasaba.

"Kuna watoto wanaozaliwa na vinasaba vinavyojaza vitamini hiyo damuni hata bila matone," nilimwambia. "Hakuna aliyewachagua, ni bahati ya kuzaliwa. Kama vitamini ndiyo inayolinda jicho, hao wangeona kuliko wenzao. Nimewapima. Wanaamkia nguzo vilevile. Halafu nimepima watoto wa mafundi wanaoishi juu ya Paa, kwenye vibanda vya kioo. Kioo kinapitisha mwanga lakini kinazuia ile mionzi inayotengeneza vitamini kwenye ngozi, na huko juu matone yenu hayafiki. Damu zao ni maskini wa vitamini kuliko za mji mzima. Macho yao ndiyo mazuri kuliko yote."

"Merabu."

"Sijamaliza. Jicho linataka mwanga mkali wa mchana, basi. Vitamini ilikuwa dalili tu kwamba mtoto ameshinda nje. Mmekiona kivuli cha mgeni mkakiandalia chakula, mgeni mwenyewe mmemfungia mlango."

"Najua," alisema Elifasi.

Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi. Neno hilo likanikalisha kitini.

"Nimesoma kazi yako yote, na ninaiamini," aliendelea. "Lakini nifanye nini nayo? Nifunike mji kwa kioo? Tutaiva kama mihogo. Sindano ninayo, jua sina la kuwapa. Wazazi wanakuja hapa wanalia, lazima nitoe kitu."

"Watoe watoto alfajiri, jua likiwa bado changa."

"Mlango wa watu haufunguki kwa mtoto. Ndicho kifungu cha kwanza cha Sheria ya Paa."

"Lango la ng'ombe linafunguka kila alfajiri."

"Ng'ombe akikosa jua mifupa inalegea na maziwa yanakata."

Nikacheka, kicheko kibaya. "Kwa hiyo ng'ombe mmempa jua, na mtoto mmempa matone."

Elifasi hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti lake jeupe. "Mwaka wa Moto nilikuwa kwenye gari la kukusanya maiti. Wewe ulikuwa masomoni ng'ambo, hukuwepo. Niliwabeba mwenyewe, wadogo, wakiwa bado wana joto la mchana. Ng'ombe akifa nje, Merabu, hakuna mama atakayenitazama usoni."

Ndipo akaniwekea mtego mezani, kwa sauti ya upole kabisa. Fundi mmoja alikuwa amehama, na kibanda chake cha kioo kilikuwa wazi. Mimi na Nyemo tuhamie. Yeye ataandika kwamba Nyemo amechomwa sindano. Na mimi nitanyamaza juu ya watoto wengine watakaochomwa.

Nilitaka kusema ndiyo. Nilimwona Nyemo amekaa kule juu kwenye mwanga, macho yake yamenusurika kuharibika. Halafu nikawaona wenzake wa darasa la pili wamejipanga Ijumaa, mikono imenyooshwa, wakisubiri sindano ambayo mimi na huyu bwana tu ndio tunajua kwamba haitawasaidia kitu.

"Nitakujibu kabla ya Ijumaa," nilimwambia, nikatoka bila kuaga.

*

Mama mkwe wangu, Bi Yudithi, ana ng'ombe mmoja. Anaitwa Biarusi, kwa sababu hutembea taratibu, kichwa chini, kama anayesubiri kutunzwa. Nilimkuta bibi anamkamua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umevimba mashavu? Wamekufukuza?"

"Bado. Mama, nataka Biarusi tumkabidhi kwa watu."

Mkono wake ukasimama kwenye chuchu. Nieleze hapa, maana wageni hawalijui hili. Sisi huku tangu zamani ng'ombe anaweza kuwa wangu na akakaa kwako. Nakukabidhi kamba, wewe unamtunza, unakunywa maziwa, na siku moja unapata ndama. Paa lilipojengwa na lango la ng'ombe likawekewa mashine, wazee waligoma: mashine isiyojua kukabidhiana haitawafungulia ng'ombe wao. Basi mashine ikafundishwa. Watu wawili wakisimama mbele ya lango wameshika kamba moja, mmoja akasema "nakukabidhi" na mwingine "nimepokea," inaongeza kaya mpya kwenye hereni ya ng'ombe bila kufuta ya zamani. Na Sheria ya Mifugo inasema ng'ombe hatoki bila mtu wa kaya yake.

Mtu wa kaya, bila umri. Mwanasheria alitaka kuandika mtu mzima, wazee wakamzomea. Mtu mzima gani anaonekana na fimbo nyuma ya ndama? Kuchunga ni kazi ya watoto, na kuandika vinginevyo ni kuwatukana. Neno likafutwa kwa ajili ya heshima yao, halafu kwa hofu ya joto hakuna aliyewahi kumtoa mtoto. Wanaotoka siku zote ni wajomba wasio na kazi, waliojifunika nguo za rangi ya fedha za kukinga joto mpaka puani.

Nilimweleza bibi nilichotaka. Kila nyumba yenye mtoto wa kuchomwa sindano imshike Biarusi.

"Ng'ombe mmoja, mji mzima?" alisema. "Akamuliwe mpaka atoke damu?"

"Hawatamkamua, mama. Wataazima jua lake tu."

"Na ndama nani atapata? Nitapiga kura? Wewe umesoma sana Merabu, lakini mambo ya ng'ombe hukujaliwa. Ng'ombe akiwa wa wote ni wa kuzikwa."

Ningeendelea kubishana naye mpaka jioni, maana hakuna mchoyo wa ng'ombe kama yeye. Lakini Nyemo alirudi kutoka shule, akaingia zizini. Bibi yake alikuwa amechuchumaa kule upande wa pili, haonekani. Biarusi alikuwa amesimama wima mbele ya taa, shuka la bluu la kumkinga na mbu limetandazwa mgongoni.

Nyemo akapiga goti. "Shikamoo bibi."

Biarusi akaendelea kucheua. Mtoto akasubiri. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi, akidhani hakusikika, na sauti ilikuwa imeanza kutetemeka kwa kuogopa kugombezwa.

Kwa kawaida mama mkwe angetaniana naye hadi usiku. Safari hii aliinuka, akazunguka ng'ombe, akainama mpaka pua yake ikakaribia pua ya Nyemo. "Marahaba, mjukuu wangu. Bibi ni huyu hapa."

Halafu akaniambia, bila kunigeukia, "Kamba iko ukutani. Na ndama ni wangu."

*

Wazazi nilikutana nao uani kwetu. Niliwaambia kila kitu, pamoja na yale yasiyopendeza. Niliwaambia jicho lililokwisha kurefuka halirudi, mwanga utalizuia tu lisiendelee. Niliwaambia nje kunaua. Sitaki mtu aje kuniambia nilimdanganya.

Ndahani, fundi seremala, alisimama. Mwanawe mkubwa alikufa Mwaka wa Moto, na huyu aliyebaki alikuwa na miwani minene kama vitako vya chupa.

"Daktari, unaniambia nimpeleke Yona kule kulikomuua kaka yake?"

Niliogopa. Ningeweza kumpamba kwa takwimu, lakini yule mtu alistahili neno zima. "Ndiyo, kaka. Ninakuambia hivyo."

"Na akianguka?"

"Nitambeba mimi, na utanishtaki wewe. Lakini nisikilize. Tangu Paa lijengwe, ng'ombe wetu wametoka kila alfajiri. Amekufa ng'ombe gani kwa joto? Mtajeni." Hakuna aliyemtaja. "Hawana saa, hawana kipimajoto. Jua likianza kukaza wanageuka wenyewe, wanarudi. Biarusi akigeuza kichwa, watoto wanageuka naye. Hakuna cha kuongeza dakika."

Baadhi waliondoka, na siwalaumu. Wengine walinifuata mpaka langoni, ambako Bi Yudithi alishika kamba upande mmoja na wao wakaipokea upande wa pili, nyumba kwa nyumba. "Nakukabidhi." "Nimepokea." Mashine ikawa inaitikia kwa mlio wake, haina wivu wala swali. Ndahani alikaa pembeni muda wote. Tulipokuwa tunakunja kamba, akaja, akaishika kwa mikono yote miwili.

"Nimepokea," alisema, kabla mama mkwe hajasema lake. Ikabidi warudie.

*

Alhamisi, taa za mji zikiwa bado hafifu, tulijipanga nyuma ya Biarusi. Watoto walivaa kofia pana za ukindu na kila mmoja alikuwa na kibuyu cha maji. Nyemo alishika mkia.

Elifasi alikuwa pale kabla yetu, kando ya nguzo, na koti lake jeupe. Mtu alikuwa amempelekea habari, kama ilivyo kawaida ya mji huu.

"Dada Merabu, warudishe watoto."

"Umesimama kwenye njia ya ng'ombe, Daktari."

"Ng'ombe mmoja anakwenda na mchungaji mmoja."

"Hakuna kifungu hicho. Ng'ombe hatoki bila mtu wa kaya yake. Kaya zake ni hizi."

Mashine ikasoma hereni ya Biarusi, ikaanza kutaja: kaya ya Yudithi Chilewa, kaya ya Ndahani Matonya, kaya ya fulani, kaya ya fulani. Ilitaja kwa sauti ileile ya kila siku, na kila jina likitajwa mtoto mmoja alijibu "nipo," kama darasani. Nyuma yetu ng'ombe wa watu wengine walianza kulia na wajomba wakaanza kulalamika kwamba jua halimsubiri mtu. Elifasi angeweza kulifunga lango kwa mkono. Kufuli lilikuwa pembeni yake. Lakini angelifunga kwa ng'ombe wote, na mji ungekosa maziwa, na hilo lingemfukuzisha kazi kuliko watoto kupofuka.

"Akifa mmoja," aliniambia chinichini, "utambeba wewe."

"Nitambeba. Na wanaopofuka humu ndani, nani anawabeba?"

Biarusi, ambaye siasa hazimhusu, alimpita ubavuni, na lango likafunguka.

Watoto walisimama kizingitini wamefumba macho. Mwanga ulikuwa mwingi mno kwao. Nilihisi joto likinilamba vifundo vya miguu, nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani, na nikatembea. Walifuata mkia. Kidogokidogo wakafumbua. Yona wa Ndahani alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaona haisaidii kitu, akaivua.

"Mama," Nyemo aliuliza, "ule ukuta wa mwisho uko wapi?"

"Hakuna ukuta."

Alikaza macho chini ya kofia. "Mbona kule mbali ni rangi tu? Sioni kitu."

"Najua. We tazama tu hukohuko."

Walitazama. Wengine walichoka kutazama wakakimbizana, maana hawakuwahi kuwa na mahali pa kukimbilia pasipo na nguzo. Mimi sikumwondolea Biarusi macho. Alikula nyasi chache zilizokuwepo, akajikuna kwenye jiwe, akajisaidia bila aibu, na jua likapanda. Watoto walianza kung'aa jasho. Papo hapo nilitaka kupiga kelele warudi. Ndipo akainua kichwa, akakigeuza, na kuanza kutembea kuelekea Paa kwa mwendo wake wa biarusi.

"Anarudi," alisema Yona. Wakageuka wote. Hakuna aliyebaki nyuma, hakuna aliyeanguka.

Elifasi alikuwa palepale kando ya nguzo. Sidhani kama alikuwa amekaa. Macho yake yalipita kwenye kofia moja moja, na nikaona mdomo wake ukilegea kidogo alipoona zote zina mtu chini yake. Nilijua alichokuwa anakumbuka, na nilimhurumia kweli.

Mtoto wa kwanza akaingia kivulini, akaiona ile nyeupe ndefu, akapiga goti.

"Shikamoo," aliiambia nguzo.

Elifasi alikuwa amesimama ubavuni mwake, angeweza kumgusa. Wa pili akafuata, akaiamkia nguzo. Wa tatu. Yona. Mabinti wawili wa jirani yangu, wakiwa wameshikana mikono. Hakuna aliyeijibia nguzo kwa utani, si wajomba, si wazazi waliokuwa wakisubiri ndani. Wote walikuwa watoto wa matone yake, wamekunywa tangu waanze shule, na walipita mbele yake mmoja mmoja wakiheshimu chokaa. Mkurugenzi wa hospitali ya macho alitazama mbele.

Nyemo alikuwa wa mwisho, bado ana mkia mkononi. Aliiamkia nguzo, akasubiri jibu, akasogea mpaka karibu kabisa. Ndipo akaona vifungo vya koti.

"Oh, samahani Daktari. Sikukuona. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," alisema Elifasi.

Akanitazama mimi. Nilidhani atasema jambo jipya, lakini alikuwa na serikali mabegani na ratiba mfukoni. "Kesho saa tatu," alisema. "Sindano iko palepale, Merabu. Siwezi kuifuta peke yangu."

"Basi usiifute. Wachome watakaokuja, na kibanda cha kioo mpe mwingine." Nilimpokea Nyemo mkia wa ng'ombe. "Sisi kesho hatupo. Mwanangu anachunga, na ng'ombe akirudi anakwenda kupeleka maji zizini, halafu anamsaidia bibi yake kukamua. Keshokutwa vilevile. Ukimtaka, njoo huku nje."

Nyuma yangu Ndahani alikuwa anamuuliza mama mkwe kama yule ng'ombe wa dada yake naye anaweza kukabidhiwa kwa wale walioogopa jana. Bi Yudithi akamwambia inategemea ndama atakuwa wa nani.